Sanduku la Chuma na Mizani Yake

Katika vitu vyote vikusanywavyo ndani ya kompyuta, hakuna kilichodharauliwa na wanunuzi kwa muda mrefu kama lile sanduku la chuma, lenye feni upande mmoja na fungu la nyaya upande wa pili, ambalo mafundi wetu huliita pawasaplai. Kwani prosesa husifiwa kwa wepesi wake, na kadi ya michoro kwa uzuri wa taswira zake, ilhali kazi ya sanduku hili ni kupokea umeme wa ukutani, kuupoza, na kuutoa ukiwa mnyoofu na mtulivu, kazi ambayo ikifanywa vyema haionekani, na ikifanywa vibaya aghalabu lawama huwaangukia wengine. Hata ulipowadia wakati ambapo wapenzi wa michezo ya kompyuta walianza kutia kadi mbili, kisha tatu, kisha nne ndani ya mashine moja, ndipo sanduku hili lilipoitwa mbele ya kadhi na kuulizwa kwa ukali swali ambalo hapo kabla liliulizwa kwa upole tu, au halikuulizwa kabisa: wati zilizoandikwa ubavuni mwako, je, unazo kweli? Historia ya swali hilo, na ya watu waliolitafutia mizani, ndiyo ninayokusudia kuisimulia.

Zamani, mashine nyingi ndogo zilipata umeme wake kwa transfoma nzito ya chuma na shaba, iliyopokea umeme wa hetsi 50 au 60 na kuushusha, kisha ziada yote isiyotakiwa ikateketezwa kuwa joto tupu. Njia ya pili, waliyoijua wahandisi wa vyombo vya maabara na vya kompyuta kubwa, ilikuwa kuugeuza kwanza umeme wa ukutani uwe mnyoofu, kisha kuukatakata kwa transista maelfu kwa maelfu ya mara katika kila sekunde, kwani umeme ukatikao kwa kasi hiyo huridhika na transfoma ndogo mno, na fundi huweza kuutawala kwa kurefusha au kufupisha muda wa kila mkato. Mwaka 1977 Rod Holt aliitia njia hii ndani ya Apple II, katika sanduku la takriban wati 38, kwa sababu Steve Jobs hakutaka feni ipige kelele ndani ya mashine yake. Na ingawa Jobs alikuja kudai baadaye ya kwamba kompyuta zote ziliiga kazi ya Holt, insafu yataka isemwe kwamba maarifa hayo yalikuwa yamekwisha kuenea kabla yake, na kwamba sifa ya Holt ni kuyaingiza katika mashine ya nyumbani, wala si kuyabuni.

IBM ilipoitoa kompyuta yake binafsi mwezi wa Agosti 1981, ilitosheka na wati 63.5. Miaka miwili baadaye ile iliyoitwa XT ilihitaji wati 130, kwa kuwa ilikuwa na diski ngumu ndani yake, na mwaka 1984 AT ikapanda hadi 192. Mgongoni mwa masanduku ya zama zile na ya miaka mingi iliyofuata palikuwa na swichi ndogo, aghalabu nyekundu, ya kuchagua baina ya volti 115 za Marekani na 230 za sehemu kubwa ya dunia, na swichi hiyo imewapa taabu si haba mafundi wa pwani yetu. Maana kompyuta kuukuu iliyotumika Marekani na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam huweza kufika ikiwa imewekwa kwenye 115, na mtu akiichomeka ukutani bila ya kuitazama, kapasita mbili zilizoumbwa kustahimili takriban volti 200 kila moja hujikuta zikibebeshwa zaidi ya 300, ukasikika mlio, ukatoka moshi, na biashara ikawa imekwisha. Dawa ya jambo hilo ilitoka mahali pasipotazamiwa. Ulaya ilipolazimisha, kuanzia mwaka 2001, kwamba vyombo vya namna hii visiuvute umeme wa gridi kwa mishtuko, watengenezaji walianza kutia sakiti ya kuusawazisha mvuto huo, na sakiti hiyo katika umbo lake bora hupokea volti zozote kuanzia 100 hadi 240 bila ya kuuliza. Masanduku makubwa nitakayoyataja huko mbele yote ni ya namna hiyo, wala hayana swichi ya kumponza mtu.

Mwaka 1995 Intel ilitoa utaratibu wa ATX, ulioongeza volti 3.3 kando ya zile 5 na 12 za zamani, na kuifanya mashine iweze kuwashwa na kuzimwa kwa amri ya ubao mama badala ya swichi nzito ya umeme. Lakini mageuzi yaliyo muhimu zaidi kwa kisa chetu ni yale ya mwaka 2000, Pentium 4 ilipokuja na plagi yake ya pembeni yenye pini nne, kwani kuanzia hapo mzigo wa kompyuta ulianza kuhama kutoka volti 5 kwenda volti 12. Sababu yake ni hesabu nyepesi: wati 100 katika volti 5 ni ampea 20, na katika volti 12 ni ampea 8 na kitu, na kwa kuwa hasara ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa ampea, atumiaye volti 12 hupoteza chini ya moja ya tano ya kile apotezacho mwenzake. Waliotengeneza pawasaplai hawakuhama kwa kasi iliyotakiwa. Masanduku mengi yaliendelea kuuzwa yakiwa na nguvu tele upande wa volti 5, ambako hakuna tena aliyezihitaji, na nguvu haba upande wa volti 12.

Wakati huohuo lilikuwa likikua wazo jingine. Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2, na mwenye fedha ya kutosha aliweza kununua mbili, akaziunganisha kwa utepe mfupi wa waya, moja ikachora mistari ya shufwa ya kioo na ya pili mistari ya witiri, akacheza Quake II kwa wepesi ambao jirani yake aliuona ni sihiri. Kadi hizo hazikuomba umeme wowote ila ule wa tundu la ubao mama. Miaka miwili baadaye Voodoo5 5500 ilihitaji waya wake wa pekee kutoka kwenye pawasaplai, na ndugu yake mkubwa, 6000, mwenye chipu nne, alisanifiwa aje na kisanduku chake mwenyewe cha umeme cha kuchomekwa ukutani, ila hakupata kuuzwa madukani, na kabla ya mwaka 2000 kwisha 3dfx ilikuwa imekubali mali yake inunuliwe na Nvidia. Naona kisanduku kile cha nje, kichekwe kitakavyochekwa, kilikuwa ungamo la wazi kwamba pawasaplai za siku zile hazikuaminika.

Kwa miaka michache wazo la kadi mbili lililala, kwa sababu ubao mama wa kawaida ulikuwa na tundu moja tu la AGP. PCI Express ndiyo iliyoliamsha mwaka 2004, na Nvidia ikalirudisha kwa jina lilelile la SLI ililolirithi kwa 3dfx, safari hii ikizipa kadi zamu za kuchora picha nzimanzima. Mwaka uliofuata ATI ikajibu kwa CrossFire. Hapo ndipo hesabu za umeme zilipoanza kuwatia watu kiwewe. Kadi moja tu ya GeForce 6800 Ultra, mwaka 2004, ilitolewa pamoja na nasaha kwamba mnunuzi awe na pawasaplai ya wati 480, na watu wakashangaa. Mnamo Desemba 2007 Nvidia iliruhusu kadi tatu. Tundu la PCI Express hutoa wati 75, plagi ya pini sita hutoa 75 nyingine, na ile ya pini nane, iliyoonekana kwenye Radeon HD 2900 XT mwaka huo wa 2007, hutoa 150. Mwaka 2010 ilipokuja GTX 480, ambayo mtengenezaji wake mwenyewe alikiri ni ya wati 250, mtu aliyetia tatu alikuwa na wati 750 za michoro peke yake, akaongeza 130 za prosesa, na kama alikuwa katika wale waendeshao vyombo vyao kupita kasi viliyoumbiwa, basi alikuwa amekwisha kuivuka 1000 kabla hajafika kwenye diski na feni.

Madhali palikuwa na wanunuzi wa wati 1000, palipatikana na wauzaji wa namba hiyo. Kufikia mwaka 2006 PC Power & Cooling ya California ilikuwa na Turbo-Cool yake ya kilowati moja, sanduku refu, zito, lenye kelele, na la kweli; Enermax nayo ilikuwa na Galaxy. Lakini kando yao soko lilijaa masanduku ambayo namba yake ilikuwa ni ya mwandishi tu, mithili ya pishi isiyopigwa muhuri wa serikali, ambayo mwenye duka huijua yeye peke yake ina vibaba vingapi. Hila zilikuwa nyingi, na si zote zilikuwa uongo mtupu. Wako walioandika wati ambazo sanduku lingeweza kuzitoa kwa muda mfupi wa kufumba na kufumbua, si kwa saa nzima. Wako waliolipima katika hewa ya digrii 25, nao wakijua fika kwamba ndani ya kasha lenye kadi tatu zinazowaka hewa huwa na digrii 40 au 50, na kwamba uwezo wa sanduku hupungua kadiri hari inavyozidi. Na wako waliojumlisha kila volti kwa kikomo chake, kana kwamba vikomo vyote vingeweza kufikiwa kwa pamoja.

Nvidia na ATI zilijaribu kuleta nidhamu kwa kutoa orodha za pawasaplai zilizoidhinishwa na alama za kubandikwa juu ya katoni. Sikatai kwamba alama hizo zilimwokoa mnunuzi asiyejua kitu, lakini ilikuwa idhini ya muuza kadi, aliyetaka kadi zake mbili ziwake, wala haikueleza ni kwa utulivu gani na kwa miaka mingapi. Mjadala mkali zaidi ulikuwa ule wa mikondo. Utaratibu wa ATX12V wa mwaka 2003 ulitaka waya za volti 12 zigawanywe kwa mafungu, kila fungu lisipite volti-ampea 240, yaani ampea 20, ili shoti isije ikayayeyusha maganda ya waya. Nao watengenezaji wengi wakagawanya, wakayaita mafungu yao mikondo miwili, mitatu, minne. PC Power & Cooling ilisimama upande wa pili ikahubiri mkondo mmoja mpana, kwa hoja kwamba kadi yenye njaa hukwama kwenye fungu lake ilhali fungu la jirani limebaki bure. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli kwa masanduku yaliyogawanywa ovyo, ikawashinda wapinzani wake sokoni, na sharti la 240 likaja likaondolewa. Lakini kwa maoni yangu walioshindwa ndio waliokuwa na haki katika asili ya jambo, kwani ampea 100 zisizo na kizuizi katika waya mwembamba ni hatari ileile iliyoogopwa mwaka 2003, na mgawanyo uliofanywa kwa akili haukumnyima mchezaji chochote.

Basi mizani ilipatikana wapi? Mwanzoni mtu aliyetaka kuijua pawasaplai aliifunga kwenye kompyuta yake, akacheza, akaona kama mashine yazimika. Njia hiyo haifai, kwa sababu hakuna ajuaye kompyuta ile inavuta wati ngapi kwa dakika ipi, wala hakuna mwingine awezaye kulirudia jaribio. Viwandani, hata hivyo, palikuwa na mashine za kubebesha mzigo, kama zile za SunMoon na za Chroma ya Taiwan, ambazo huunganishwa na nyaya zote za sanduku, kila moja ikavutwa ampea zilizoamriwa, si zaidi wala si pungufu. Mashine hizo ni za ghali, na kwa miaka mingi hazikutoka viwandani. Watahini huru walipoanza kuzimiliki katika miaka ya 2000, na maarufu miongoni mwao ni Jon Gerow aliyejulikana kwa lakabu ya Jonny Guru, lugha ya biashara hii ilibadilika. Gerow hakuridhika na mzigo peke yake. Alilitia sanduku ndani ya kasha la moto ili livute hewa yenye hari kama ile ya ndani ya kompyuta iliyoshiba kadi, na masanduku kadha wa kadha yaliyojigamba yalifia humo.

Mtihani wa pawasaplai kubwa, kama ulivyoimarika katika miaka ile, una mambo ambayo kila moja lilizaliwa na aibu fulani ya soko. Hutazamwa kwanza kama volti 12 zinabaki baina ya 11.4 na 12.6 kutoka mzigo mwepesi hadi mzigo kamili, ingawa sanduku linaloyumba hadi kufikia mipaka hiyo halistahiki bei yake. Kisha osiloskopu huonyesha vile viwimbi vinavyobaki juu ya umeme mnyoofu, ambavyo kanuni huviruhusu hadi milivolti 120 kwenye volti 12 na 50 kwenye zile ndogo. Viwimbi vikizidi, kapasita za kadi na za ubao mama hufanya kazi isiyo yao, nazo huchakaa. Hukatwa umeme wa ukutani kwa makusudi, ili ionekane kama sanduku litashikilia kwa takriban milisekunde 16 au 17, muda unaotosha kuvuka kukatika kudogo kwa gridi. Huondolewa kifuniko, zikasomwa kapasita, ni za digrii 105 au za 85, kwani miaka ya mwanzo ya 2000 ilikwisha kuwafunza watu, kwa kapasita zilizovimba na kuvuja katika vyombo vya makampuni mengi, kwamba namba hiyo ndogo ubavuni mwa kikopo ndiyo ahadi ya umri wa sanduku zima.

Na juu ya hayo yote liko jaribio la mzigo wa upande mmoja, ambalo naliona ndilo lililoundwa na kompyuta ya kadi nyingi hasa kuliko mengine. Pawasaplai nyingi za zamani zilitawala volti 12 na volti 5 kwa pamoja, kwa hatamu moja, hivyo zile 12 zilipovutwa kwa nguvu na zile 5 zikaachwa, hatamu ilivuta pande zote mbili, volti 12 zikabaki chini huku zile 5 zikipanda juu kupita kiasi. Sasa kompyuta yenye kadi tatu ndiyo hiyo: karibu kila wati yake ni ya volti 12. Masanduku yalianguka katika jaribio hili moja baada ya jingine, na watengenezaji wakalazimika kubadili usanifu wenyewe, wakatengeneza sanduku ambalo ndani yake ni mashine ya volti 12 tupu, na zile 5 na 3.3 zikapatikana kwa vibadilishi vidogo vinavyokula katika hizo 12. Leo usanifu huo umo hata katika masanduku ya kawaida ya ofisini, ambayo hayatapata kuona kadi mbili maishani mwake.

Upande wa ufanisi palikuja muhuri wa 80 PLUS, ulioasisiwa na Ecos Consulting mwaka 2004 kwa msaada wa makampuni ya umeme ya Marekani, ukitaka sanduku lirudishe angalau asilimia 80 ya umeme liupokeao katika mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Seasonic ilikuwa ya kwanza kuupata, mwaka 2005, na baadaye zikaongezwa daraja za shaba, fedha, dhahabu, platini, na mwaka 2012 titani. Mwenye kadi nyingi alipaswa kuujali muhuri huo kuliko mtu mwingine, kwani katika mzigo wa wati 1200, sanduku la asilimia 80 huvuta 1500 ukutani na kuzigeuza 300 kuwa joto ndani ya chumba, ambapo la asilimia 90 hugeuza 133 tu. Lakini muhuri huo haukusema neno juu ya viwimbi, wala juu ya hari ya kasha, maana hupimwa katika hewa baridi ya chumba. Na wauzaji, kwa werevu wao, wakamwacha mnunuzi aufahamu kuwa ni cheti cha ubora wa kila kitu.

Ukuta nao una kikomo chake. Soketi ya kawaida ya Marekani, volti 120 kwa ampea 15, ni wati 1800, na kwa mzigo wa kudumu inahesabiwa salama hadi 1440. Kwa hiyo mtu wa Chicago mwenye sanduku la wati 1600 huweza kuizima nusu ya nyumba kabla hajalimaliza. Mtu wa Nairobi au wa Unguja, mwenye plagi yetu ya pini tatu na fyuzi ya ampea 13, ana karibu wati 3000 mkononi, na juu ya hayo sanduku lake hupata ufanisi bora kidogo kwa volti zake 230, neema ambayo hatujaitumia sana kwa sababu kadi tatu zina bei ya gari.

Muongo wa 2010 ulitoa masanduku ambayo ni fahari ya sanaa hii. Corsair ilileta AX1200 mwaka 2010, yenye zaidi ya ampea 100 katika mkondo mmoja. AX1500i mwaka 2014, ampea 125. Na mwaka 2018 AX1600i, iliyotumia transista za galiamu na nitrojeni badala ya silikoni katika mlango wake wa kupokelea umeme, ikawa ndogo na tulivu kuliko zilizoitangulia. Ajabu ni kwamba sanduku bora lilikamilika wakati kompyuta lililoundiwa ilikuwa yakata roho. Kadi zilizopeana zamu hazikuzitoa picha kwa mwendo ulio sawa, na jicho likauona mkwaruzo huo. Waandishi wa michezo nao wakachoka kuihudumia hadhira ndogo. Mwaka 2016 GTX 1080 iliwekewa kikomo cha kadi mbili tu. Mwaka 2020 miongoni mwa kadi mpya za michezo ni RTX 3090 pekee iliyobakiwa na daraja la kuunganishia, na Nvidia ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2021 haitaandika tena matayarisho mapya ya SLI kwa michezo. RTX 4090 ya mwaka 2022 haikuwa na daraja kabisa.

Wati, hata hivyo, hazikuondoka pamoja na kadi ya pili. RTX 4090 ni ya wati 450, na RTX 5090 ya mwaka 2025 ni ya 575, kiasi kinachozidi kadi mbili za GTX 480 zilizowatisha watu wa 2010. Na yote hayo yakapitishwa katika plagi moja ndogo iliyoruhusiwa hadi wati 600, ambayo mwaka 2022 ilianza kuyeyuka katika kadi za baadhi ya wanunuzi, ikarekebishwa mwaka uliofuata. Kadi hizi zina tabia nyingine isiyoonekana katika mita ya kawaida: kwa sehemu ndogo sana ya sekunde huruka juu mno ya wati zake zilizoandikwa, na sanduku lenye ulinzi mwepesi wa hofu hudhani limepatwa na shoti, likajizima katikati ya mchezo. ATX 3.0 ya Februari 2022 ndiyo iliyoliandika jambo hilo kuwa sharti, kwamba masanduku makubwa yenye plagi hiyo mpya yavumilie mruko wa mara mbili ya uwezo wao wote kwa mikrosekunde 100, na mashine za kubebesha mzigo, zilizozoea kuvuta polepole na kwa adabu, zimelazimika kufunzwa kushtua.